Chumba cha Watoto si Stoo



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia chumbani. Hatuendi sebuleni, ambako vitambaa vya makochi hufuliwa kila Jumamosi. Tunakwenda kwenye chumba wanamolala watoto. Katika nyumba nyingi chumba hicho ndicho cha mwisho kufagiliwa na cha kwanza kurundikiwa vitu.

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, tambarare na milimani. Katika miaka hiyo nimezoea kuuliza swali moja kila mtoto anapoletwa usiku akiwa amekunywa kitu kibaya: "Chupa ilikuwa wapi?"

Usiku mmoja aliletwa mvulana wa miaka kama mitatu, amefungwa kwenye kanga ya mama yake. Alikuwa ananuka mafuta ya taa, anakohoa na kuhema haraka haraka. Alikuwa ameikuta chupa ya soda chini ya kitanda alicholala na ndugu zake, akadhani ni soda. Mama alilia akasema, "Sista, ile chupa naiweka pale kila siku, na hajawahi kuigusa." Ni kweli, hakuwahi kuigusa. Siku zote huwa hivyo mpaka siku anayoigusa.

Mtoto yule alipona, baada ya kulala wodini siku nane. Siku moja nilimwuliza baba yake kuna nini kingine chini ya kitanda kile. Akahesabu kwa vidole: gunia la maharage, bomba la kunyunyizia kahawa, majembe mawili, sumu ya panya na viatu vya shule. Nikamwuliza, "Na watoto wanalala wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Humo humo."

Siandiki haya ili kumsuta mtu. Nami nimelea watoto katika nyumba ya vyumba viwili na najua gunia la mahindi lilivyo gumu kupata mahali. Lakini kupanga chumba cha watoto si suala la kupendezesha nyumba kwa ajili ya wageni. Ni suala la afya, na pengine la uhai.

KWA NINI CHUMBA CHA KULALA?

Mtoto wa shule ya msingi anahitaji kulala saa tisa hadi kumi na mbili kila siku. Mdogo zaidi anahitaji hata zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya maisha ya mtoto inapita ndani ya chumba kile, akiwa amefumba macho, hawezi kujikinga na chochote.

Historia ya sehemu zetu inatufundisha jambo hili. Kati ya mwaka 1955 na 1959, nyumba za Upare na za Taveta, upande wa Kenya, zilipuliziwa ndani dawa iitwayo dieldrin, katika mradi mkubwa wa kupambana na malaria. Wazee wetu wengine wanaukumbuka. Kuta zilipuliziwa dawa kwa sababu mbu wa malaria huuma usiku, watu wakiwa wamelala, kisha hutua ukutani. Malaria ilipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Mradi ulipokwisha, malaria ilirudi hatua kwa hatua. Dawa ile leo haitumiki tena kwa sababu ya sumu yake, lakini somo limebaki: vita ya malaria inapiganwa mahali tunapolala.

Majirani zetu wa Lushoto nao wana somo lao. Kuanzia mwaka 1980 ugonjwa wa tauni ulizuka huko, ukawa unarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini. Maelfu waliugua na mamia walikufa. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Panya hufuata mahindi, mahindi yakiwa yamewekwa ndani ya nyumba wanamolala watu, na anayelala chini sakafuni ndiye aliye karibu zaidi na viroboto hao. Mara nyingi anayelala chini ni mtoto.

Kwa hiyo tunaposema chumba cha watoto kipangwe, tunaanza na kutoa visivyostahili kuwamo. Kufagia na kutandika kunafuata baadaye.

VITU SITA VYA KUTOA KWANZA

Nimevipanga kwa uzito wa hatari yake. Kama huwezi kuvitoa vyote leo, anzia juu.

1. Jiko la mkaa. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Chome, Mbaga na Mamba tunaijua sisi wenyewe. Wapo wazazi ambao kwa huruma huingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto, kisha hufunga dirisha na mlango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hasikii kitu. Huumwa kichwa, huishiwa nguvu, na asipoamshwa hufa usingizini. Hata mkaa usiotoa moshi, ulio mwekundu vizuri, hutoa sumu hiyo hiyo. Mpe mtoto soksi, sweta na blanketi la pili, na uwalaze wawili wawili. Jiko libaki nje.

2. Dawa za mimea na za kuhifadhia nafaka. Hapa ninaweka mrututu, dawa za kunyunyizia kahawa na mboga, sumu ya panya, na hasa vile vidonge vya kufukizia nafaka. Vidonge hivyo, vikikutana na unyevu wa hewa, hutoa gesi ya sumu kali inayoua dumuzi ndani ya gunia. Gesi hiyo haichagui, humuua na binadamu, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Nafaka iliyotiwa vidonge isikae kabisa ndani ya nyumba wanamolala watu, hata kama ni chumba cha jirani, maana gesi hupita chini ya mlango na kwenye nyufa za ukuta.

3. Mafuta ya taa na kibatari. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, ya maji au ya juisi. Mtoto huijua chupa kwa umbo, hawezi kusoma kilichomo. Kibatari nacho kisiachwe kikiwaka karibu na chandarua au nguo zilizoning'inizwa. Siku hizi vijiji vingi vimepata umeme, na taa ndogo za jua zinapatikana madukani. Kama unaweza kununua taa moja tu ya jua, iwe ya chumba cha watoto.

4. Dawa za binadamu. Bibi akilala na wajukuu, vidonge vyake vya kisukari au vya shinikizo la damu huwa chini ya mto. Kidonge cha kisukari kinachomfaa bibi kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo mpaka akapoteza fahamu. Dawa za bibi zifungiwe kwenye kopo lenye kifuniko kigumu, likae juu mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

5. Mazao na chakula. Gunia la mahindi, maharage au tangawizi huwaita panya. Sufuria ya makande yaliyobaki jana ikiwekwa chumbani huwaita panya, mende na siafu. Panya wakiingia, nyoka huwafuata. Katika tambarare za Same, Makanya na Hedaru, mtu aliyelala chini anaweza kuumwa na nyoka aliyekuja kutafuta panya tu.

6. Zana. Panga, fyekeo, jembe na misumari havina kazi chumbani kwa watoto. Kata ndogo ya mguu ikiingia udongo inaweza kuleta pepopunda kwa mtoto ambaye hakumaliza chanjo.

"NA KAMA HATUNA CHUMBA KINGINE?"

Hili ni swali la haki, na naulizwa kila ninapozungumza na akina mama kliniki. Jibu langu ni hili.

Moto na sumu havina mjadala: vitoke nje ya chumba cha kulala, cha watoto na cha wazazi pia. Sanduku la mbao lenye kufuli, lililopigiliwa juu ukutani chini ya upenu wa nyuma au bandani, linatosha kwa dawa zote za shamba. Baba anaweza kulitengeneza kwa siku moja.

Mahindi na maharage, kama lazima yakae ndani ya nyumba, yakae sebuleni. Yawekwe juu ya kichanja cha miti au mbao, mbali kidogo na ukuta, ili uweze kufagia chini yake na paka aweze kupita. Ipo pia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa: miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje. Ikifungwa vizuri, dumuzi hufa kwa kukosa hewa, wala huhitaji dawa yoyote. Bei yake ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida, lakini kama haikutoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja. Kwa nyumba yenye watoto ni fedha iliyotumika vizuri.

KILA KITU NA MAHALI PAKE

Ukishatoa vile sita, utashangaa kuona vinavyobaki ni vichache: matandiko, nguo, viatu, madaftari na vitu vya kuchezea. Hivi havihitaji kabati la fundi.

Nguo. Kila mtoto awe na boksi au begi lake, hata kama ni boksi la sabuni lililoandikwa jina lake. Nguo zikichanganywa kwenye rundo moja, upele na chawa husafiri kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine. Nguo chafu ziwe na gunia lao, linaloning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Sare ya shule. Pigilia misumari au kipande cha mbao chenye vigingi kwenye kimo cha mtoto. Mara nyingi mtoto hatundiki sare yake kwa sababu msumari umepigiliwa kwa kimo cha baba.

Viatu. Vikae karibu na mlango, juu ya ubao au jiwe. Wafundishe watoto kuvikung'uta kabla ya kuvaa, maana nge hupenda kujificha ndani yake.

Madaftari. Rafu ya ubao mmoja na kamba mbili inatosha. Ikae mbali na ukuta unaovuja.

Vitana, taulo na miswaki. Kila mtoto na chake. Mapunye ya kichwani huambukizwa kwa kuazimana vitana na kofia.

Chini ya kitanda. Pawe patupu, au pawe na viatu tu. Palipo wazi panafagiliwa. Kama ufagio haufiki chini ya kitanda, jua kwamba panya anafika.

KITANDA, MATANDIKO NA CHANDARUA

Jitahidi watoto wasilale sakafuni. Kitanda cha miti na kamba, kilichoinuka kimo cha goti, kinawatenga na viroboto, funza, unyevu na nyoka. Kama kitanda kimoja tu ndicho kinachopatikana, wapewe watoto wadogo kwanza.

Same mjini na tambarare yote ni kavu kwa sababu milima yetu inazuia mvua. Maji ya kufulia ni shida, lakini jua ni la bure. Toa godoro, mikeka na mablanketi nje mara moja kwa wiki, yaanikwe juani kutwa nzima na kugeuzwa. Jua hukausha unyevu na mkojo na kupunguza wadudu. Ninyi mnaokaa milimani kwenye ukungu, siku ya jua ikitokea msiikose.

Chandarua ni kinyume chake. Chandarua chenye dawa kisianikwe juani, kwa sababu jua kali huharibu dawa iliyomo. Kifuliwe kikichafuka tu, kwa maji ya baridi na sabuni ya mche, kisha kianikwe kivulini. Kisilowekwe kwenye sabuni kali ya unga wala dawa ya kung'arishia nguo. Tundu likitokea, lishonwe siku hiyo hiyo. Usiku chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Mchana kifungwe fundo juu, kisiburuzwe chini. Kikichomekwa vizuri huzuia mbu, na husaidia pia kuzuia nge na nyoka.

Mkoa wetu wa Kilimanjaro umepata bahati ya kuwa na malaria kidogo kuliko mikoa mingi ya Tanzania. Isiwe sababu ya kugeuza chandarua kuwa uzio wa vifaranga. Mtoto wa mlimani ambaye hajazoea malaria, akishuka Ndungu au Kisiwani kumtembelea shangazi, huugua vibaya zaidi akiipata.

Kunguni hawajulikani kuleta ugonjwa, lakini huwanyima watoto usingizi, na mtoto asiyelala husinzia darasani. Hukaa kwenye maungio ya kitanda na nyufa za ukuta. Toa kitanda nje, mwagia maungio maji yanayochemka, na uzibe nyufa za ukuta kwa udongo au saruji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kunguni ni hivyo hivyo, ufa mmoja ukibaki wanarudi. Tafadhali usinyunyizie kitandani dawa ya shambani. Nimewahi kuwauguza watoto walioponea chupuchupu kwa sababu hiyo.

Mtoto mmoja akipata upele, wote mnaolala nyumba moja mpake dawa siku moja, na siku hiyo hiyo nguo na matandiko yafuliwe na kuanikwa juani. Kisichoweza kufuliwa kiwekwe kando bila kuguswa kwa siku saba. Wadudu wa upele hawaishi muda mrefu nje ya mwili wa mtu.

HEWA NA MWANGA

Zamani nyumba ya msonge ilikuwa na moto, mbuzi na watoto chini ya paa moja. Moshi ulipenya kwenye nyasi za paa. Leo tunajenga kwa tofali na bati, nyumba ni nzuri, lakini dirisha la chumba cha watoto mara nyingi ni dogo na limezibwa kwa gunia. Hewa haitoki. Mtu mmoja mwenye kifua kikuu akikohoa humo, watoto wote wanaivuta hewa hiyo usiku kucha.

Fungua dirisha kila asubuhi. Usirundike vitu mbele yake. Kama unajenga sasa, mwambie fundi aweke madirisha mawili yanayokabiliana, au angalau matundu ya hewa juu ya ukuta. Na mtu mzima anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asilale na watoto, na apelekwe kupima makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali.

MTOTO ANAYEKOJOA KITANDANI

Chumba kingine kinanuka, na mama anaona aibu kufungua mlango. Mama, usimpige mtoto, wala usimtandike godoro shingoni apite nalo mbele za watu. Kukojoa kitandani si utukutu. Watoto wengi huacha wenyewe wanapokua. Mnyweshe maji ya kutosha mchana na kidogo jioni, na ajisaidie kabla ya kulala. Tandika kipande cha mpira au turubai chini ya shuka ili godoro lisilowe. Shuka lifuliwe au angalau lisuuzwe kila asubuhi, na mtoto asaidie kulianika bila kutukanwa.

Lakini mtoto aliyekwisha kuacha, kisha akaanza tena, mlete tumwone. Inaweza kuwa ugonjwa wa njia ya mkojo, au kisukari, hasa kama anakunywa maji mengi na kukonda. Inaweza pia kuwa kuna jambo linalomtisha ambalo hajapata wa kumwambia.

NANI ALALE NA NANI?

Kupanga chumba ni pamoja na kupanga watu. Wavulana na wasichana wanapoanza kukua wapewe nafasi mbalimbali, hata kama ni pazia la kanga kuukuu katikati. Mgeni akija, awe mjomba, binamu au fundi, atandikiwe sebuleni. Tunapenda wageni, na ukarimu ni sifa yetu, lakini mgeni mtu mzima asilazwe kitanda kimoja na mtoto. Mtoto akisema hataki kulala na mtu fulani, msimkaripie. Muulizeni taratibu kwa nini.

WAFUNDISHENI WENYEWE

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kupeleka viatu vyake mahali pake na kutia nguo chafu guniani. Wa miaka sita anaweza kukunja blanketi na kufunga chandarua fundo. Wa miaka tisa anaweza kufagia hadi chini ya kitanda na kutoa mikeka juani. Wa miaka kumi na miwili anaweza kushona tundu la chandarua.

Kazi hizi ni za wote, wavulana na wasichana. Nasikia uchungu ninapoona binti akitandika vitanda vya kaka zake watatu huku wao wakicheza mpira. Kila anayelala atandike. Na baba akionekana akitandika kitanda chake mwenyewe, mafundisho yatakuwa yamekwisha nusu.

Kila siku: dirisha lifunguliwe, matandiko yakunjwe, chandarua kifungwe, chumba kifagiliwe.

Kila wiki: godoro na mablanketi juani, mashuka yafuliwe, chini ya kitanda pakaguliwe.

Kila mwezi: vitu vyote vitolewe nje, nyufa zizibwe, chandarua kikaguliwe matundu, nguo zisizotosha apewe mdogo au jirani.

AJALI IKITOKEA

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ya kula. Akitapika, mafuta ya taa huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, na mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima.

Akinywa au kumwagikiwa dawa ya shamba, fanya vivyo hivyo: usimtapishe, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe ujikinge mikono. Akitokwa mate mengi, kutetemeka au kuhema kwa shida, hali ni mbaya, msisubiri asubuhi.

Akikutwa amelegea katika chumba chenye jiko la mkaa, au penye nafaka iliyotiwa vidonge, fungua mlango na dirisha, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha mpeleke hospitali. Waliolala naye wote wapelekwe pia.

Katika yote hayo, chukua chupa, kopo au pakiti iliyohusika uje nayo. Tukijua alichokunywa tunaokoa muda.

Yule baba niliyemtaja mwanzo alimrudisha mwanawe kliniki baada ya wiki mbili ili tumsikilize kifua. Kifua kilikuwa safi. Nilipomwuliza kuhusu kitanda, alisema amepigilia sanduku lenye kufuli nje chini ya upenu, na gunia amelihamishia sebuleni. Mke wake akaongeza kwamba sasa usiku hawasikii tena panya wakikimbia chumbani kwa watoto.

Hakununua chochote isipokuwa kufuli. Basi, wazazi wenzangu, leo jioni kabla watoto hawajalala, chukueni taa, pigeni magoti, mwangalie kuna nini chini ya kitanda chao.